Kabari za Namba Saba

Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja asubuhi, lori namba saba lilirudi kinyumenyume kwenye mlima wa machimbo ya kokoto, likapiga ukingo, likapinduka na kulala miguu juu. Dereva alikufa palepale. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na lile halikuwa hata lori lake.

Polisi walifika saa mbili kasoro dakika kumi. Inspekta, mtu mfupi mwenye tabia ya kutafuna njiti ya kiberiti, aliinama kwenye ekseli ya nyuma. Akaishika nati moja ya zile boliti nene zilizopindwa, zinazokumbatia springi na ekseli pamoja, akaizungusha kwa vidole viwili. Ikazunguka. Akajaribu ya pili, nayo ikazunguka.

"Nani alifunga springi hizi?" akauliza.

Nyapara wa yadi, aliyekuwa amekaa chini kando ya maiti, akajibu bila kuinua kichwa. "Fundi Mkuu. Juzi tu. Ameniulia mdogo wangu."

Saa tatu asubuhi Fundi Mkuu alitiwa pingu mlangoni kwake, mikono yake ingali na povu la sabuni. Alikuwa na miaka sabini na kifua kibovu. Binti yake, ambaye mafundi wote walimwita Nyundo kwa sababu ya kazi yake ya ufundi na kwa sababu ya ulimi wake, alilikimbilia gari la polisi mpaka kona ya pili. Alijua jambo moja tu: baba akifungwa, hatarudi. Kifua kile hakiwezi kulala kwenye saruji hata miezi miwili.

Ijumaa saa sita mchana Nyundo aliingia kwenye yadi ya malori, ambako namba saba lilikuwa limeburutwa bado miguu juu, akiwa na tochi, brashi ya waya na hasira. Inspekta alikuwa amemruhusu kwa shingo upande, baada ya kumkuta ameketi kwenye ngazi za kituo tangu alfajiri.

"Una saa mbili," akamwambia. "Saa nane baba yako anasomewa mashtaka, na Nyapara anataka lori likatwe kwa gesi leo leo. Familia haitaki kuliona."

"Familia au yeye, afande?"

"Usianze."

Yadi nzima ilimtazama kama mtu aliyekuja msibani na ngoma. Mafundi waliacha kazi wakasimama na spana zao. Mmoja akatema mate, si mbali na viatu vyake. Mjane wa dereva alikuwa ameketi kwenye benchi la ofisi, kanga kichwani, mkoba umekumbatiwa kifuani. Alikuja kuchukua nguo za mumewe. Alipomwona Nyundo alisimama.

"Baba yako alimfungia mume wangu springi kwa nati za kukazwa na vidole," akasema. "Na wewe umekuja kufuta ushahidi."

"Pole, dada. Nimekuja kuutafuta."

"Usiniite dada."

Moyo ulimuuma Nyundo, maana yule mwanamke alikuwa na kila haki ya kumchukia mtu. Alikosea tu mtu wa kumchukia. Akalala kifudifudi juu ya tumbo la lori lililopinduka, akawasha tochi japo jua lilikuwa la utosi, akaanza kusoma chuma.

Propela, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma, ilikuwa imekatika kwenye krosi, lile fundo linaloiunganisha na pua ya difu, bonge la gia katikati ya ekseli. Ilipokatika ilichapachapa kama mjeledi, ikararua bomba la mafuta ya breki. Hilo kila mtu alikwishaliona, na wote walisema jambo moja: nati zililegea, ekseli ikacheza, propela ikakatika. Maneno matamu, na mtu aliyefungwa hayupo kuyajibu. Asiyekuwepo na lake halipo.

"Afande, njoo," akaita baada ya robo saa. "Lete macho, acha njiti."

Inspekta akasogea, na mafundi nao wakasogea.

"Mlima wa machimbo una tope, sivyo? Ona hapa. Nati hii imefunikwa tope kavu. Uzi wa boliti chini yake umefunikwa tope. Lakini kati ya nati na bamba inalolikalia, mahali ambapo nati ilikuwa imekaza, uzi ni msafi. Ungeweza kulamba asali juu yake."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nati ilikuwa imekaza lori lilipokuwa likirukiwa na tope. Ingekuwa legevu, tope lingeingia kwenye pengo hilo. Na tazama pembe zake: spana imechubua tope lililokwisha kukauka. Afande, nati hizi zimefunguliwa baada ya lori kupinduka."

Inspekta aliitoa ile njiti kinywani. Mmoja wa mafundi alicheka kwa dharau, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

"Na kama zilikuwa zimekaza," Inspekta akasema polepole, "propela ilikatika kwa nini?"

Hilo lilikuwa swali lenyewe. Nyundo alipitisha brashi ya waya kati ya springi na ekseli, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Akamulika kwa tochi, akarudi kumulika tena upande wa kulia. Baba yake alikuwa na mazoea ambayo wenzake waliyacheka. Kila kabari aliyoiweka chini ya springi, kile kipande cha chuma chenye ncha nene na ncha nyembamba, aliipiga vitone vitatu kwenye ncha nene, na vitone hivyo vilitazama mbele daima.

Sasa vilitazama nyuma, kulia na kushoto.

"Kuna nini?" Inspekta akauliza.

Nyundo alijua kwamba akisema ukweli anaweza kumkaanga baba yake mwenyewe. Akausema. "Kabari zimegeuzwa."

"Sema Kiswahili cha watu."

Akanyoosha mkono wake wa kushoto mbele, ukawa springi. Akauweka wa kulia chini yake, ukawa ekseli. "Dereva akikanyaga mafuta mlimani na mzigo, tairi zinasukuma, ekseli nayo inataka kujiviringisha. Kinachoizuia ni springi peke yake. Zikizidiwa, zinapinda: nusu ya mbele inapanda, ya nyuma inashuka, na pua ya difu inatazama juu. Ndiyo maana fundi mwenye akili anaiinamisha pua kidogo kabla, kwa kabari, ncha nene mbele. Ikipanda, inafika mahali pake. Ukigeuza kabari, pua inaanza ikiwa juu. Kwenye tambarare hutajua. Mlimani, na tani kumi mgongoni, inapanda mpaka krosi inakosa pa kukunjika. Inakatika."

"Na aliyeweka kabari ni baba yako."

"Ndiyo."

"Mtu wa miaka sabini. Hakosei?"

"Anakosea. Ananikosea mimi kila siku. Hili hakulikosea, na yupo aliyeona."

Aliyeona aliitwa Kisogo, dereva wa siku zote wa namba saba. Shavu lake moja lilikuwa limevimba, na alikuwa na sababu ya kuogopa, maana tangu jana watu walinong'ona kwamba alimpa mwenzake lori bovu makusudi. Inspekta alimkalisha juu ya tairi kuukuu.

"Kwa nini hukuendesha wewe?"

"Jino, afande. Usiku kucha nililia kama mtoto. Saa kumi na mbili kasoro nilimwomba marehemu anishikie zamu, akakubali. Mtu mwema yule. Tukabadilisha majina kwenye ubao wa zamu wenyewe."

"Nyapara alijua?"

"Alikuwa hajafika. Ubao aliuandika yeye Jumatano: namba saba, mimi, machimbo. Nilishangaa, maana namba saba ni kuukuu, na siku zote hubeba mchanga wa tambarare."

Nyundo akaingilia. "Kaka Kisogo, Jumanne jioni baba alikwambia nini?"

"Aliniambia nipande mlima na mzigo kabla hajalikabidhi. Mimi naendesha, yeye amelala ukingoni kwenye majani kama mjusi, anachungulia uvunguni. Mara tatu! Nikamwambia mzee, utakanyagwa. Akasema pua inapanda vidole viwili, sawasawa, nenda kalale."

"Lingepanda mara tatu kama kabari zilikuwa zimegeuzwa?" Inspekta akauliza.

"Lisingemaliza hata moja," Nyundo akasema. "Jumanne zilikuwa sawa. Jumatano lori lilikuwa wapi?"

Kisogo alitazama chini. Akatazama ofisini. Hatimaye akasema, "Kwenye shimo la ukaguzi. Nyapara alisema anabadilisha oili ya difu. Alifanya peke yake."

Mnong'ono ulipita katikati ya mafundi, na haukuwa wa kumpendelea Nyundo. Nyapara ndiye aliyefiwa. Ukimnyooshea kidole mfiwa, umekwisha kujitafutia mawe.

Nyapara alitoka ofisini kabla hajaitwa. Lilikuwa jitu la mabega mapana, macho mekundu kwa siku mbili za kilio, na hakuna aliyetia shaka kilio hicho.

"Mwanamke huyu anatafuta nini kwenye damu ya ndugu yangu?"

"Maswali machache tu," Inspekta akasema. "Jumatano ulifanya nini na namba saba?"

"Oili. Kazi yangu."

"Ulifungua springi?"

"Kwa nini nifungue springi kubadilisha oili? Muulize huyo, si anajua kila kitu? Baba yake alimfundisha. Hata mimi alinifundisha, miaka miwili, kisha akanifukuza mbele ya watu. Akasema mikono yangu ni ya kufungulia chupa." Akageukia mafundi. "Jumanne alikuja hapa, kwenye yadi yangu, akafungua springi nilizofunga mimi, akauliza kwa sauti: nani kafunga uchafu huu? Mlicheka. Nyote mlicheka. Haya, leo nani mchafu?"

Nyundo alihisi aibu kidogo, maana aliisikia sauti ya baba yake katika maneno yale, neno kwa neno.

"Jana ulipataje habari?" akauliza.

"Sikujibu wewe."

"Nijibu mimi," Inspekta akasema. "Nimeuliza hivyohivyo."

"Karani wa machimbo alipiga simu. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na nne. Nilikuwa ofisini hapa. Nikachukua pikapu nikatoka mbio. Nilifika wa kwanza nikamkuta amekufa. Nikakaa naye mpaka mlipokuja. Hilo nalo ni kosa?"

"Ulikaa naye peke yako?"

"Nilimfukuza kila mtu. Alikuwa mdogo wangu."

Nyundo alikuwa amekwisha kuanza kutembea kuelekea getini. Mlinzi, mzee mkavu mwenye koti la mvua mchana wa jua, alikumbatia daftari lake.

"Mzee wangu, naomba kuona jana asubuhi."

"Daftari hili ni la kampuni. Na mimi baba yako simpendi. Aliniita sanamu."

"Anaita kila mtu hivyo. Mimi aliniita sanamu siku ya harusi yangu."

Mlinzi alikohoa kuficha kicheko, akafungua ukurasa. Aliandika kwa herufi kubwa, za mtu aliyejifunza ukubwani na asiyetaka kukosea. Nyundo alisoma, akasoma tena, kisha akaliinua daftari juu ya kichwa chake akarudi nalo katikati ya yadi.

"Afande, soma kwa sauti."

Inspekta alisoma. "Namba saba, kutoka, saa kumi na mbili na dakika tano. Pikapu ya Nyapara, kuingia, saa kumi na mbili na dakika ishirini na sita. Pikapu ya Nyapara, kutoka, saa kumi na mbili na nusu." Akahesabu kwa vidole. "Lori lilianguka dakika kumi na moja baadaye."

"Alinipigia honi kama mwendawazimu," mlinzi akasema kutoka nyuma. "Nusura aling'oe geti. Nikajiuliza, kuna moto wapi?"

"Mzee huyu hajui kusoma saa!" Nyapara akapaza sauti. "Kila siku anakosea! Mtamwamini mlinzi anayesinzia?"

"Ulikimbilia ajali ambayo ilikuwa haijatokea," Nyundo akasema. "Uliingia, ukatazama ubao, ukaona jina la Kisogo limefutwa na la mdogo wako limeandikwa. Ndipo ulipokimbia."

"Mwongo! Mtoto wa mwongo!" Akamrukia. Inspekta na Kisogo walimdaka mikono, na kwa muda yadi ilikuwa kelele tupu, huyu akivuta, yule akisukuma, mafundi wawili wakimtishia Nyundo kwa spana.

Sauti iliyowanyamazisha haikuwa kubwa. Ilitoka kwenye benchi.

"Shemeji," mjane akasema. Mkoba wake ulikuwa wazi, na mkononi alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka. "Polisi walinirudishia simu yake. Jana niliona umempigia mara sita. Nilidhani ulimpigia baada ya kusikia, kama mtu anayeshindwa kuamini. Nililia kwa ajili yako." Alipapasa kioo. "Ya kwanza ni saa kumi na mbili na dakika ishirini na tisa. Ya mwisho ni saa kumi na mbili na dakika arobaini. Ulikuwa unataka kumwambia nini?"

Nyapara aliacha kujivuta. Mabega yale mapana yalishuka.

"Ashuke," akasema. "Nilitaka kumwambia ashuke."

Mafundi wenye spana walizishusha. Inspekta hakumwachia mkono.

"Hakuna aliyepaswa kufa," Nyapara akasema, na sasa alimwambia mjane peke yake. "Krosi ingekatika, lori lingesimama mlimani, Kisogo angevuta breki ya mkono, angeshuka anatukana. Basi. Halafu wangefungua wangekuta kabari za mzee zimewekwa kinyume. Fundi Mkuu! Angechekwa yeye, mara moja tu katika maisha yake. Hicho tu ndicho nilichotaka."

"Breki ya mkono," Nyundo akasema taratibu. "Ya namba saba?"

"Malori yote yana—"

"Haya mengine breki ya mkono inabana tairi. Namba saba ni la zamani. Ngoma yake ya breki iko nyuma ya sanduku la gia, inabana propela. Propela ikikatika, breki ya mkono haishiki kitu. Na mafuta ya breki ya mguu yalikuwa yanamwagika barabarani. Hakuwa na cha kushika."

Nyapara alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ngeni. Alikuwa amekaa uvunguni mwa lori lile saa nzima Jumatano, macho yote kwenye ekseli ya nyuma, na hakugeuza shingo kutazama mbele.

"Na nati?" Inspekta akauliza.

Nyundo ndiye aliyejibu. "Kabari ni jambo la mafundi. Nati legevu hata mtoto anaelewa. Alipoona mdogo wake amekufa, alitaka awepo wa kulaumiwa, upesi, kabla hajalaumiwa yeye. Alizidisha chumvi. Angeziacha nati zilivyokuwa, ningemkuta baba yangu na kosa la kabari, na nisingekuwa na la kusema."

Mjane alikuja mpaka mbele ya shemeji yake. Alikuwa mfupi, ikambidi ainue uso.

"Uliwafukuza watu ili umlilie," akasema. "Kumbe ulikuwa na spana mkononi."

Hakumpiga. Alichukua furushi la nguo za mumewe kutoka kwenye benchi, akampita Nyundo bila kumtazama na bila kumwomba radhi, akatoka getini. Mlinzi aliandika saa: saba na dakika hamsini.

Fundi Mkuu aliachiwa saa kumi jioni. Nyundo alimkuta kwenye kaunta ya kituo akigombana na askari kuhusu mkanda wake wa suruali. Alikuwa amekohoa usiku kucha na sauti yake ilikuwa imebaki nusu, ila hiyo nusu ilitosha.

"Umechelewa," akamwambia binti yake. "Kabari zilitazama wapi?"

"Nyuma. Zote mbili."

"Nani?"

Alimweleza yote, wakitembea polepole kandokando ya ukuta kwa sababu ya kifua chake: ubao, daftari, simu sita, breki ya mkono. Alitarajia baba atatukana, maana kutukana alikuwa hodari. Badala yake mzee alisimama. Akaegemea ukuta.

"Hakujua kuhusu ngoma ile," akasema.

"Hakujua, baba. Hakutazama."

"Jumanne nilitaka kumwambia. Tulipomaliza kupanda mara ya tatu nilimfuata nikamwambia, njoo nikuonyeshe breki ya mkono ya lori hili, si kama hizo zako. Akanijibu, nenda kawaonyeshe wajukuu zako." Alikohoa, akasubiri kikohozi kiishe. "Nikanyamaza. Nikasema moyoni, mwache sanamu huyu, ipo siku atajifunza mwenyewe."

Nyundo alitafuta neno la kumwambia. Alilokuwa nalo lilikuwa la kuumiza, na siku hiyo waliokwisha kuumia walitosha. Akamshika mkono wakaendelea kutembea. Walipofika kona, mzee aliuliza mjane wa dereva anakaa mtaa gani, na Nyundo akamwambia.